Jioni Mjomba Alipopima Sayari

Mwezi Juni mwaka 2019 mjomba wangu, mpima ardhi mstaafu, alikuja kutoka Tukuyu akakaa nasi Uyole kwa siku kadhaa. Aliyewahi kuishi Mbeya anaujua Juni wetu: jua likizama watu hufunga milango mapema, na kila mmoja hutafuta sweta na kona yake. Kona yangu ilikuwa meza ya sebuleni, mahali ilipokuwa kompyuta, na kwa miezi mingi kabla ya hapo nilikuwa nikiitumia kusafiri katika Elite Dangerous, mchezo wa kuendesha chombo cha anga uliotengenezwa na Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, na kutolewa Desemba 2014. Chimbuko lake ni mchezo wa Elite wa mwaka 1984, kazi ya David Braben na Ian Bell, ingawa ule wa zamani haukuwa na hata chembe ya kile ninachotaka kukisimulia hapa.

Wapo wanaoupenda mchezo huu kwa ajili ya vita, na wapo wanaoupenda kwa biashara ya kubeba shehena. Mimi nilivutwa na uchunguzi wa sayari, na hadi leo nauona kuwa ndio moyo wa mchezo wenyewe. Galaksi yetu yote imejengwa humo kwa ukubwa wake halisi, ikiwa na mifumo ya nyota inayokadiriwa kufikia bilioni 400. Maelfu ya nyota ambazo wanafalaki wanazijua zimewekwa mahali pake. Zilizobaki huzalishwa na programu kwa kufuata kanuni za fizikia, kwa kuzingatia uzito, umri na kemia ya mata iliyozizaa. Wachezaji wote wa dunia kwa pamoja wamefika katika sehemu isiyotimia hata asilimia moja ya mifumo hiyo. Kwa hiyo mtu aliyekaa Uyole, mwenye kompyuta ya kawaida na kifurushi cha intaneti cha simu, anaweza kabisa kufika kwenye nyota ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuiona.

Jioni ninayoikumbuka nilikuwa nimefika mbali na makazi ya watu, upande wa katikati ya galaksi, lakini nje kidogo, juu ya usawa wa njia iliyonyooka ambayo wasafiri wengi huifuata wakienda kuliona shimo jeusi la Sagittarius A*, lililo umbali wa miaka ya mwanga ipatayo 26,000 kutoka kwenye jua letu. Mjomba alitoka chumbani na kikombe cha chai, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Hiyo ni ramani ya wapi?"

Nilimweleza, naye akavuta kiti akaketi. Hakuniuliza kwa nini mtu mzima anacheza, kama wengine wanavyouliza. Aliuliza jinsi data inavyopatikana.

Hilo ndilo swali nililokuwa nimelisubiri kwa mtu yeyote. Hadi mwaka 2018 jibu lake lingekuwa fupi, kwa sababu mwenye kifaa kikubwa cha uchunguzi alibonyeza kitufe kimoja tu na mfumo mzima ukajichora mbele yake. Desemba ya mwaka huo watengenezaji waliubadilisha utaratibu. Tangu hapo chombo kikiingia kwenye mfumo, mlio wa kwanza wa skana humpa mchezaji idadi tu ya miili ya anga iliyopo, yaani nyota, sayari na miezi yake. Iliyobaki ni kazi yake. Baadhi ya wachunguzi wa siku nyingi walilalamika kwamba wameongezewa usumbufu. Sikukubaliana nao wakati ule na sikubaliani nao sasa, kwa maana kitufe kimoja hakimfundishi mtu kitu chochote kuhusu mahali alipo.

Nilipunguza mwendo hadi sifuri, nikafungua skana ya masafa, nikamwonyesha mjomba. Chini ya skrini kulikuwa na mstari mrefu wenye michirizi ya mawimbi, na kila aina ya mwili wa anga ilikuwa na sehemu yake katika mstari huo na umbo lake la wimbi: sayari za mawe, za barafu, zenye metali nyingi, majitu ya gesi, na zile chache zenye maji au amonia. Mchezaji husogeza kielekezi mpaka kwenye wimbi analolitaka, kisha huzungusha darubini yake angani akifuata bapa ambamo sayari huizunguka nyota yao mpaka aone doa la buluu, na akililenga sawasawa picha hukazwa na sayari ikatokea ikiwa na jina lake la kikatalogi, uzito wake, joto lake na muda wa mzunguko wake. Raha yenyewe, kwangu, imo katika sekunde zile za kabla ya picha. Mchunguzi aliyezoea huusoma mstari ule na kujua kilichopo kabla hajakiona, na sauti inayosikika wakati wa kulenga humthibitishia, kwa kuwa aina mbalimbali za sayari husikika tofauti.

"Kwa hiyo unajua ni barafu kabla ya kuiona barafu," mjomba alisema. "Huo ni mchezo tu, au wataalamu nao wanafanya hivyo?"

Nilimjibu kwamba mchezo umerahisisha mno, lakini msingi wake ni wa kweli, kwani mwanga wa nyota ukitawanywa hubeba alama za kila elementi iliyomo. Nilimpa mfano wa heli, ambayo alama yake ilionekana kwenye mwanga wa jua mwaka 1868, wakati hapa duniani gesi hiyo ilikuja kutambuliwa mwaka 1895. Mjomba aliuwaza mfano huo kwa muda, akaomba tuendelee.

Mfumo tuliokuwa ndani yake ulikuwa na miili zaidi ya 20. Karibu kabisa na nyota kulikuwa na sayari ndogo yenye metali nyingi, na hapo mjomba akakumbuka Kimondo cha Mbozi, ambacho alikiona akiwa kijana alipokwenda kupima mashamba upande ule, wakati Mbozi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, kabla ya Mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016. Kimondo kile ni pande la chuma lenye nikeli, la urefu wa takriban mita tatu, na mjomba aliniambia kwamba alipoligusa hakuamini kuwa kitu kizito namna ile kiliwahi kuwa angani. Tuliipita sayari ile ya metali bila kuisogelea, kwa sababu kwenye mstari wa masafa kulikuwa na wimbi jingine ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu. Nililifuata, nikalilenga, na ikatokea sayari ya bahari tupu, yenye mawingu na miezi miwili, na katika maelezo yake hapakuwa na jina la mgunduzi yeyote.

Ilikuwa mbali na nyota yake kiasi cha sekunde 2,000 za mwanga, yaani umbali ambao mwanga huupita kwa sekunde 2,000. Nilimfafanulia mjomba kwamba kutoka kwenye jua letu hadi duniani ni sekunde zipatazo 499, naye akagawanya kichwani na kusema kwamba ni umbali wa mara nne. Chombo kilipokuwa kikielekea huko, alinisimulia habari ya upimaji wa mstari wa longitudo wa nyuzi 30 mashariki, ambao mwanafalaki David Gill aliuanzisha mwaka 1879 kutokea kusini mwa Afrika, na ambao kipande chake kinapita magharibi mwa Tanzania. Kazi ile ilikamilika mwaka 1954. Vizazi vya wapimaji vilipanda milima na theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, wakapima pembetatu juu ya pembetatu, na ramani ambazo yeye alizifanyia kazi Chunya na Usangu zilisimama juu ya vipimo vyao. Nimelisoma jambo hili baadaye mara nyingi, lakini sijawahi kulisikia likielezwa vizuri kama alivyolieleza yeye usiku ule huku sayari ikizidi kukua kwenye skrini.

Tulipofika karibu nilifungua kifaa cha kuchora uso wa sayari. Hiki hurusha vichunguzi vidogo, na kila kichunguzi kikigonga uso huangaza duara la eneo lililopimwa. Mchezo humpa mchunguzi idadi ya lengo, na akikamilisha kazi bila kuivuka idadi hiyo malipo yake huongezeka. Ugumu ni kwamba chombo kinauona upande mmoja tu. Upande wa nyuma hufikiwa kwa kurusha kichunguzi nje ya ukingo wa sayari, mvutano wake ukakipinda kikazunguka na kuangukia nyuma, na kiasi cha kupinda hutegemea uzito wa sayari na umbali wa kurushia. Mimi nilikuwa nimezoea kufanya hivyo kwa kukisia.

"Nipishe," mjomba akasema, akashika kipanya.

Hakurusha kitu mwanzoni. Aliomba karatasi, akachora duara, akagawa upande wa mbele na upande wa nyuma, akaweka alama mahali maduara yangepishana kidogo pembezoni ili pasibaki pengo, kama alivyokuwa akipanga vituo vyake porini kabla ya kubeba chombo hata kimoja. Kisha akarusha cha kwanza nje ya ukingo ili ajue kinavyopinda. Kilianguka mbali kuliko alivyotarajia. Akairekebisha karatasi, na kuanzia hapo kila kichunguzi kiliangukia alipotaka. Vile vya nyuma vilipotua, asilimia iliongezeka bila sisi kuona kinachoangazwa, na mjomba alisimama kabisa kutoka kwenye kiti akikisubiri cha mwisho. Sayari ilikamilika ndani ya lengo. Nilipiga kelele hadi mama akaja kuuliza kuna nini, na mjomba akamweleza, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi ya serikali, kwamba tumepima bahari.

Kilichobaki kilikuwa kuirudisha data. Wakati huo njia ilikuwa moja tu, kurudi hadi kwenye kituo chenye ofisi ya Universal Cartographics, kampuni ya ndani ya mchezo inayonunua data za uchunguzi, na kuiuza hapo, na chombo kikiharibika njiani kila ambacho hakijauzwa hupotea. Mjomba alirudi Tukuyu kabla sijafika. Nilisafiri taratibu, nikijaza mafuta kwenye nyota zinazofaa na kuziepuka nyota za nyutroni, ambazo huongeza mara nne umbali ambao chombo huruka kutoka nyota moja hadi nyingine, lakini huweza kukivunja chombo cha asiye mwangalifu. Nilipouza, maelezo ya sayari ile yakaonyesha jina langu la mchezo kama mgunduzi wa kwanza na mchoraji wa kwanza wa ramani yake. Nilimpigia mjomba simu jioni hiyo hiyo, nikamwambia kwamba kwa haki jina la pili lingekuwa lake, ila mchezo humtambua mwenye akaunti peke yake.

"Hata kwetu mpima msaidizi haandikwi," alijibu. "Lakini ile miezi miwili, mliipima?"

Nilimwambia bado. Akaniuliza ingechukua muda gani kurudi kule, na kama karatasi yake ya duara ilikuwa bado ipo. Ilikuwepo. Alinitajia basi atakalopanda mwezi unaofuata, akaniagiza nianze safari mapema ili akifika Uyole chombo kiwe kimeshaegeshwa karibu na mwezi wa kwanza wa sayari ile.