Kahawa ya Kilema kwenye Jiko la Bologna

Tarehe 15 Agosti 2016 ilikuwa Jumatatu, na mji wa Bologna ulikuwa kimya kama shule wakati wa likizo. Waitalia huiita siku hiyo Ferragosto, jina lililotokana na mapumziko ya Kaizari Augusto. Kwetu Kilema, chini ya Mlima Kilimanjaro, siku hiyohiyo ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, na hakuna anayebaki nyumbani isipokuwa mgonjwa, kwa kuwa misa ni ndefu na baada ya misa kuna nyama. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane karibu na Porta San Vitale, na asubuhi ile nilizunguka chini ya zile baraza zenye nguzo, ambazo katika mji mkongwe peke yake zina urefu wa kilometa 38, bila kuona duka lililo wazi. Kila mlango ulibandikwa karatasi yenye maneno yaleyale: limefungwa kwa likizo.

Nilikuwa nimetumwa kahawa. Signora, maana sikuwahi kumwita kwa jina, alifungua kopo lake baada ya staftahi akakuta limebaki vumbi tupu, na jambo hilo lilimsumbua kuliko joto, kwani Jumamosi alikuwa amenunua nusu kilo ya aiskrimu nyeupe waiitayo fior di latte, inayotengenezwa kwa maziwa, krimu na sukari bila yai wala vanila, kwa ajili ya kufungia chakula cha mchana. Bila kahawa hakuna affogato. Neno hilo maana yake ni “iliyozamishwa”, na kinachozamishwa ni aiskrimu, ndani ya kahawa ya moto.

Niliporudi mikono mitupu alinitazama kidogo, kisha akapanda kigoda akashusha kutoka kabati la juu pakiti ambayo nilimpa zawadi mwezi uliotangulia, kahawa ya shamba letu iliyokaangwa na mama yangu na kuletwa hadi Roma na padri mmoja aliyekuwa safarini. Alisema alikuwa akiitunza kwa siku maalumu. Nadhani hakuwa ameiamini.

Kahawa yenyewe ilikuwa nzima, haijasagwa, na kisagio pekee mle ndani kilikuwa cha mkono, kisanduku cha mbao chenye mpini wa chuma, ambacho hubanwa katikati ya magoti. Nilikishika kwa majivuno ya mtoto wa mkulima. Niliwahi kuchuma kahawa kabla sijajua kusoma, nikaimenya, nikaiosha, nikaianika kwenye vichanja. Kusaga kungenishinda nini? Nilikaza skrubu nikasaga mpaka ikawa laini kama unga wa ngano, nikaijaza kwenye kichujio na kuishindilia kwa kidole gumba, nikaweka birika juu ya moto mkubwa. Birika lenyewe ni moka, lile la alumini lenye pembe nane, ambalo maji huwa chini, kahawa katikati, na mvuke huyasukuma maji kupanda juu kupitia kahawa. Maji yangu hayakupanda. Birika lilitetemeka, likapuliza mvuke kwa hasira kupitia kitundu cha usalama ubavuni, na mwishowe likatema vijiko vichache vya kitu cheusi kilichonuka kama gunia lililoungua. Signora alizima jiko bila kusema neno, akafungua dirisha.

Mara ya pili alisimamia mwenyewe. Kahawa ya moka, alinieleza, inapaswa kuparuza kidogo ukiisugua kati ya vidole, karibu na chumvi laini ya mezani. Unga ni wa zile mashine za mgahawa zenye mgandamizo mkubwa. Maji yaishie chini ya kitundu cha usalama. Kahawa ijazwe ilingane na ukingo wa kichujio, lakini usiibane hata kidogo. Moto uwe mdogo, kifuniko kiwe wazi, na birika linapoanza kukoroma uliondoe palepale, kwa sababu kinachotoka baada ya mkoromo ni uchungu mtupu. Tulipokuwa tukingoja akaniambia kwamba moka ilibuniwa na Alfonso Bialetti mwaka 1933, na kwamba mwanawe Renato, aliyeisambaza kila nyumba, alifariki Februari ya mwaka uleule tuliokuwamo, na majivu yake yakazikwa ndani ya moka kubwa. Nilidhani ananitania, lakini baadaye nilithibitisha kuwa ni kweli. Mwaka 1933 haukuwa mgeni kwangu, kwani ndio mwaka kilipoanzishwa chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, KNCU, ambacho babu alikitaja kama mtu anayetaja ukoo wake. Nilipomweleza alisema, “Basi ni mapacha hao.”

Aiskrimu nayo ilikuwa na masharti. Kwenye jokofu la nyumbani, nyuzi 18 chini ya sifuri, ilikuwa imekuwa jiwe, kwa hiyo aliitoa ikae mezani dakika chache, na badala yake akaingiza humo vikombe viwili vya kioo vipate ubaridi. Kikombe cha vuguvugu, alisema, huiyeyusha kabla kahawa haijafika. Kisha bonge moja kwa kila kikombe, na kahawa ikamiminwa mezani, si jikoni, kiasi cha kikombe kidogo cha espresso. Ilitiririka juu ya bonge ikachimba vijifereji, ikajikusanya chini, na pale weupe ulipokutana na weusi palitokea ukanda mzito wenye rangi ya chai ya maziwa ya mama.

Nilionja nikanyamaza. Moto ulitangulia, baridi ikafuata, kisha ule uchachu mwepesi wa kahawa ya milimani ukapenya katikati ya utamu, nami sikuwa nimewahi kukutana nao, ingawa nililelewa na mibuni hadi dirishani.

“Kwenu huinyweaje?” Signora aliniuliza.

Niliona aibu. Kwetu kahawa ilikuwa karo ya shule na mabati ya nyumba. Ilitoka kihambani ikaenda mnadani, nasi tukanywa chai. Nilipomwambia hivyo aliweka kijiko chini akacheka mpaka machozi, halafu akaniongezea bonge la pili.

Jioni nilimpigia mama simu. Baada ya shikamoo na habari za misa nilimweleza kwamba kahawa yake imenywewa, au tuseme imeliwa, na jinsi aiskrimu inavyozamishwa ndani yake. Alikaa kimya kidogo, na nyuma yake nilisikia mbwa akibweka.

“Sasa mnaizamisha,” alisema, “halafu mnaiopoa kwa kijiko?”

“Ndiyo, Mama.”

“Haya. Mwambie huyo bibi nitamletea nyingine. Ila aniambie kwanza, hiyo ya kwanza uliyoiunguza ilikuwa kiasi gani?”