Laptopu mpya ya bei nafuu, au ya ofisini iliyokwisha kutumika?

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, ndugu na majirani hunitumia picha za matangazo ya laptopu wakitaka niwaambie kama bei iliyotajwa ni ya haki. Ninafundisha kompyuta katika shule ya sekondari hapa Morogoro, mkoa wenye Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Mzumbe, kwa hiyo maswali ya namna hii hayanipungukii. Safari hii aliyeuliza ni mpwa wangu anayeanza masomo ya uhasibu. Mama yake, ambaye ni dada yangu, amemtengea shilingi laki sita kutoka kwenye mauzo ya mpunga, na hataki binti yake aanze muhula akisubiri bumu, yaani hela ya mkopo wa serikali. Tangazo alilonitumia lilikuwa la laptopu mpya yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea) ya GB 4, hifadhi ya GB 64 iliyoandikwa kuwa ni SSD (aina ya hifadhi yenye kasi), na waranti ya mwaka mmoja. "Mjomba, hii ni mpya kabisa na hela inatosha," aliandika. Swali lake linastahili jibu refu kuliko lile nililoweza kumwandikia kwenye simu, na najua familia nyingi ziko mahali hapo hapo alipo yeye.

Jibu langu ni kwamba kwa mwanafunzi atakayeitegemea kompyuta hiyo miaka mitatu au minne, nisingeshauri inunuliwe. Tatizo haliko kwenye udogo wa bei. Tatizo ni kwamba katika laptopu nyingi za kundi hili, RAM na hifadhi, ambazo ndizo zinazoamua kompyuta itafaa kwa muda gani, zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi kuu, na siku zitakapokuwa hazitoshi hakuna fundi wa kawaida atakayeweza kuziongeza. Ni kama sare ya shule iliyoshonwa bila pindo la kuteremsha: siku ya kwanza inamkaa mtoto vizuri, lakini haina pa kuongezeka anapokua.

Tuiangalie mashine yenyewe. Celeron N4020 ilitoka mwishoni mwa mwaka 2019. Ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja, mwendo wake wa kawaida ni GHz 1.1, na inaweza kupanda hadi GHz 2.8 kwa muda mfupi. Kwa kuandika barua au kutazama video, hiyo inatosha. Lakini Microsoft imeweka kiwango cha chini kabisa cha Windows 11 kuwa RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, maana yake laptopu hii imesimama juu ya mstari wa mwisho tangu siku inapotoka kwenye boksi. Windows ikishawaka, sehemu kubwa ya RAM hiyo imekwisha kuchukuliwa kabla mtumiaji hajafungua chochote. Mwanafunzi wa uhasibu akifungua kivinjari chenye kurasa kadhaa za maelezo ya mhadhiri, akaongeza faili la Excel, kisha akaingia kwenye kipindi cha Zoom, RAM hujaa, na kompyuta huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye hifadhi ili ipate nafasi. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu hifadhi yenyewe nayo ni ya polepole.

Neno SSD lililoandikwa kwenye tangazo linahitaji kuchunguzwa. Hifadhi ya GB 64 katika laptopu za bei hii kwa kawaida ni eMMC, aina ileile inayotumika katika simu za bei ya chini. Kiwango cha juu ambacho njia ya eMMC 5.1 inaweza kupitisha ni MB 400 kwa sekunde, wakati SSD ya aina ya SATA hufika karibu MB 550, na SSD za aina ya haraka zaidi, NVMe za kizazi cha tatu, hufika MB 3,500. Tofauti inayoumiza zaidi katika matumizi ya kila siku haionekani hata kwenye namba hizo, kwa kuwa Windows husoma na kuandika vipande vidogo vingi kwa wakati mmoja, na kazi hiyo ndiyo inayoilemea eMMC kuliko kazi nyingine yoyote. Mtumiaji hubonyeza, husubiri, hudhani hakubonyeza vizuri, hubonyeza tena.

Halafu kuna nafasi yenyewe. GB 64 za kwenye boksi huonekana ndani ya kompyuta kama GB 58 hivi, na Windows pamoja na mafaili yake huchukua zaidi ya GB 20 kati ya hizo. Masasisho makubwa yanapokuja huhitaji nafasi nyingine ya kufungulia mafaili, na isipopatikana hukwama. Kwa mtu aliyeko kwenye intaneti isiyo na kikomo huo ni usumbufu tu. Kwa mwanafunzi anayetumia bando la simu, sasisho lililopakuliwa nusu, likakwama, kisha likaanza upya, ni hela ya chakula iliyopotea. Nimewaona vijana wakizima masasisho kabisa ili kuokoa bando, wakabaki na kompyuta isiyo na kinga dhidi ya virusi vinavyozunguka katika flashi za stationery za karibu na chuo.

Jambo jingine dogo: baadhi ya laptopu hizi huuzwa zikiwa na Windows ya hali ya S, ambayo hukubali programu za kutoka duka la Microsoft peke yake. Programu za uhasibu kama Tally haziwezi kuwekwa humo hadi hali hiyo iondolewe. Kuiondoa ni bure, ila ukishaiondoa hairudi.

Ninaposema haya sidharau wazo la kompyuta ya bei ndogo, kwa maana ni wazo lenye historia ya heshima. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte, wa chuo cha MIT cha Marekani, alitangaza mpango wa laptopu ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa shule, na mashine iliyotokana nao, XO-1, ilianza kutengenezwa mwaka 2007. Gharama yake ilikwenda hadi karibu dola 200, na Rwanda ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizozipokea kwa wingi. Mpango huo una mengi ya kukosolewa, lakini mashine ilibuniwa kwa kumfikiria mtu aliyekusudiwa kuitumia: kioo chake kilisomeka juani, ilikula umeme kidogo sana, na betri yake ilibadilishwa kwa urahisi. Laptopu nyingi za bei nafuu za leo zimefikia bei yake kwa njia nyingine, yaani kwa kupunguza vipuri hadi pale ambapo mashine bado inawaka, na kumwachia mnunuzi agundue mengine mwenyewe.

Sasa laki sita hizo zielekezwe wapi? Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani huuzwa kwa jumla, nyingine zikipitia Dubai, hadi zinafika Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. Ninazopenda kuzipendekeza ni za mwaka 2018: ThinkPad T480 ya Lenovo, EliteBook 840 G5 ya HP na Latitude 7490 ya Dell. Zilipokuwa mpya ziliuzwa kwa bei ambayo wengi wetu tusingeifikia, na ziliundwa zikitegemewa kufunguliwa na kutengenezwa. Zote tatu zina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo mtu anaweza kununua yenye GB 8 leo na kuifikisha GB 16 bumu litakapoingia. Hifadhi yake ni SSD inayotolewa kwa bisibisi. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje hubadilishwa bila kuzima kompyuta.

Sikuchagua mwaka 2018 kwa bahati. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huanzia, kwa upande wa prosesa za Intel za Core, kwenye kizazi cha nane, pamoja na kuhitaji TPM 2.0, yaani kipuri cha usalama. Ndiyo maana tangazo linalosema "Core i5" au "Core i7" bila kutaja namba kamili halimwambii mnunuzi kitu chochote. Core i5-8250U ina viini vinne na inakubalika na Windows 11. Core i5-3320M ni ya mwaka 2012, ina viini viwili, na haikubaliki. Zote mbili hubandikwa kistika cha i5. Nimekwisha kuona i7 ya kizazi cha tatu ikiuzwa ghali kuliko i5 ya kizazi cha nane katika duka moja, kwa sababu tu namba saba ni kubwa kuliko tano. Mnunuzi aombe kuona namba yote, na asome tarakimu zinazofuata baada ya kistari, ambazo huanza na namba ya kizazi.

Iliyotumika ina hatari zake, na kubwa kuliko zote ni betri. Kwa bahati njema betri haiwezi kuficha umri wake. Dukani, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti inayotokea na ulinganishe uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo iliobaki nao. Betri iliyoundwa na uwezo wa mWh 50,000 (kipimo cha umeme inaohifadhi) ikisoma 42,000 inafaa. Ikisoma 22,000, bei ya betri mpya ikatwe kwenye bei ya laptopu kabla hela haijatoka mfukoni. Muuzaji mwaminifu hatachukia kuombwa hivyo.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Laptopu ya ofisini inaweza kuwa bado imefungwa kwa nywila ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows) ya kampuni iliyokuwa ikiimiliki, na katika ThinkPad nywila ya msimamizi si jambo la kufutwa kirahisi; utaratibu rasmi wa Lenovo ni kubadilisha bodi kuu. Kwa hiyo mashine izimwe, iwashwe tena, na mnunuzi aingie mwenyewe kwenye BIOS, kwa F1 katika ThinkPad, F10 katika HP na F2 katika Dell. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, aiache. Atazame pia kibodi, kwa kuwa zinazotoka Ujerumani na Ufaransa zina herufi zilizopangwa kwa mpangilio mwingine, na mtu anayejifunza kuchapa haraka atateseka nazo. Na aangalie kwenye Task Manager ya Windows, sehemu ya kumbukumbu, ambako huandikwa nafasi ngapi za RAM zimetumika. Penye maneno "Row of chips" pana RAM iliyolehemiwa.

Dada yangu aliniuliza kuhusu waranti, na wasiwasi wake ni halali, kwani mwaka mmoja wa waranti ni zaidi ya mwezi mmoja au miezi mitatu ambayo maduka mengi hutoa kwa mashine zilizotumika. Lakini waranti ya kiwandani hufunika kasoro, na kasi ndogo ya N4020 haihesabiki kuwa kasoro. Mashine itakayokwama kila siku kwa sababu ya RAM ya GB 4 haitapokewa dukani, kwa kuwa inafanya kile ilichoundwa kufanya.

Wapo watu ambao ningewaambia wainunue ile mpya. Prosesa yake imepangiwa wati 6 tu, na ile ya Core i5-8250U wati 15. Betri yake ni mpya, na nyingi hazina hata feni. Mweka hazina wa kikoba kijijini, anayetumia sola ndogo na daftari moja la hesabu kwenye kompyuta, atahudumiwa vizuri nayo, hasa akiwekewa Linux nyepesi, mfumo wa bure, badala ya Windows, pamoja na LibreOffice, programu za ofisi za bure. LibreOffice ni ya ukoo mmoja na Jambo OpenOffice, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, na ninasikitika kwamba kazi ile haijulikani sana kwa wanafunzi wangu.

Vilevile, mpya za bei ndogo si zote sawa. Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, ina viini vinne, nayo imepangiwa wati 6 zilezile. Laptopu yenye prosesa hiyo, RAM ya GB 8 na SSD inayobadilika ningeifikiria kwa uzito kama bei yake ingekaribia laki sita. Chromebook, laptopu zinazotumia mfumo wa Google, nazo zina tarehe ya mwisho wa masasisho, na nyingi zinazouzwa mitaani zilikuwa za shule za nje na tarehe hiyo imekwisha kupita.

Kwa hiyo nimemwambia mpwa wangu atafute T480 au 840 G5 yenye GB 8 na SSD ya GB 256, na kwamba nitakwenda naye dukani. Tutadai risiti ya EFD, na juu yake au kwenye karatasi ya duka muuzaji aandike namba ya mashine, namba kamili ya prosesa, kiasi cha RAM, uwezo wa betri kama ulivyosomeka siku hiyo mbele yetu, na idadi ya siku ambazo mashine inaweza kurudishwa ikionyesha tatizo.