Nilivyosimulia historia ya The Freethinker kwa waumini wa Moshi

Kikundi chetu cha usomaji hukutana jioni nyuma ya duka la steshenari hapa Majengo. Wengi ni Walutheri, Wakatoliki na Waislamu. Zamu yangu ilipofika nilichagua The Freethinker, jarida la wasioamini Mungu ambalo G. W. Foote alilianzisha London mwezi Mei 1881. Nilijua nikianza na hoja za Mungu yupo au hayupo, watu wangenuna kabla chai haijamiminwa. Nikaanzia mahakamani.

Toleo la Krismasi la 1882 lilikuwa na vibonzo vya kuikejeli Biblia. Machi 1883 Foote akasimama mahakamani kwa shtaka la kukufuru. Jopo la kwanza la raia walioitwa kuamua kesi halikuafikiana. Likaitwa jingine, likamtia hatiani, na Jaji North akampa miezi 12 jela. Ramsey, mchapishaji, akapata miezi 9. Kemp, aliyekuwa akiliuza tu dukani, akapata miezi 3. Kwa Kemp nilituliza mwendo makusudi. Mwenye duka letu, ambaye huanika magazeti mlangoni kila asubuhi, akaitua chupa ya chai. "Yaani hadi muuzaji?" Tangu hapo hakuna aliyeangalia simu.

Mwinjilisti mmoja mstaafu akanikatiza: "Lakini mwanangu, huyo bwana alitutukana." Sikumbishia. Vibonzo vile vilichorwa ili viume, na mimi mwenyewe sivipendi. "Ni kweli, mzee wangu," nikamjibu, kisha nikamweleza kesi nyingine ya Foote, Aprili mwaka huohuo, mbele ya Jaji Mkuu Coleridge. Huyu alisema kwamba adabu ya mjadala ikizingatiwa, mtu anaweza kuhoji hata misingi ya dini bila kuwa na hatia ya kukufuru. Safari hiyo jopo likashindwa kuafikiana. Mzee akaniomba nirudie maneno ya jaji polepole, akayaandika kwenye daftari lake la mahubiri.

Yaliyobaki niliyapitia haraka: Foote alitoka jela akaendelea kuhariri hadi alipofariki 1915, Chapman Cohen akashika kalamu hadi 1951, kosa la kukufuru likafutwa England na Wales 2008, na jarida likaacha kuchapwa kwenye karatasi 2014. Kijana mmoja akasoma ibara ya 19 ya Katiba yetu, inayolinda uhuru wa imani pamoja na haki ya kuibadili, na mabishano yakaendelea mpaka duka likafungwa.

Zamu ijayo ni ya mzee. Amechagua Martin Luther alipokataa kuyakana maandishi yake mbele ya baraza la Worms, Ujerumani, 1521.