Mjomba na stori zake za jela

Mjomba wangu alitoka jela mwaka juzi, msimu wa korosho ndo umechanganya, akashushwa na bajaji hapa Mikindani na mfuko mmoja wa rambo, na aliyeenda kumpokea ni bibi peke yake. Leo kijiwe cha kahawa hakinogi mpaka afike yeye.

Watu wanazitaka zile za nyapara, nani kapigana na nani kisa kipisi cha sigara, mnavyolala ubavu wote upande mmoja, mmoja akitaka kugeuka basi safu nzima inageuka. Anasimulia huku anamenya ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, watu hoi kwa kucheka. Ila akifika kwenye kutoka sasa, jinsi alivyozunguka maghala ya korosho kuomba kibarua na kila anakoenda ni "tutakupigia mzee", unaona mmoja anachungulia simu, mwingine anaaga. Mimi naona stori yenyewe ndo ilikuwa inaanzia hapo.

Si mnakumbuka wale wanamuziki, Babu Seya na mwanae Papii Kocha, walivyotoka kwa msamaha wa rais, tarehe 9 Desemba 2017? Walihukumiwa maisha tangu 2004, nchi nzima ikawa inaongelea hilo tu, kila mtu anataka kujua wameishije humo. Mjomba hana wimbo hata mmoja, yeye kaiba korosho kwenye stoo ya mtu, akapigwa mitatu akakaa miwili maana ile theluthi wanakupunguzia ukitulia, nani atamletea kamera?

Na siku hizi simu zimejaa hizi za "maisha yangu jela", naziangalia sana tu sijifanyi, ila huwa nawaza yule aliyeibiwa au aliyekatwa panga, akikutana nayo usiku kitandani inakuwaje. Maana msimuliaji akishalia kidogo basi keshakuwa shujaa, mwenzie hata jina hatajwi.

Kwetu hapa aliyeibiwa hajifichi kokote, ni mzee wa mtaa wa pili tu, tunaswali naye msikiti mmoja. Juzi Alhamisi mjomba yuko katikati ya stori, kafika kwenye usiku wa tukio, "nikabeba magunia yangu matano", mara mzee huyo anaingia, anavuta benchi, anaagiza kahawa na kashata mbili. Kimya. Mjomba kainama anamenya ng'oko ambao ulishamenywa zamani, mi natafuta pa kuangalia sipaoni.

Mzee kapuliza kikombe chake, kanywa funda moja.

"Endelea mwanangu, mbona umekatisha? Ila yalikuwa manane, sio matano."

Mjomba kakohoa. "Manane, baba. Samahani." Akaanza upya kutoka kwenye kufuli.