Nilivyovuka Snoqualmie siku ya mvua, theluji na upepo

Ukitoka Seattle na lori kwenda Yakima, jimbo la Washington, Marekani, majira ya baridi, dhoruba moja inakukamata mara tatu. Huku chini ni mvua ya kumwagika. Ukipanda barabara kuu ya I-90 hadi Snoqualmie Pass, pengo la kuvukia milima ya Cascade, kama mita 920 juu ya usawa wa bahari, mvua ileile imeshakuwa theluji. Ukishuka upande wa Ellensburg, theluji inapungua, ila upepo unakusubiri.

Safari ninayoisimulia ilikuwa ya Januari, nikiwa na tela tupu, naenda kupakia matufaha. Utabiri ulisema theluji itaanzia futi 4,000 (kama mita 1,200), juu kuliko barabara inapofika, na madereva wengine wakaona ni mvua tu. Mimi nikatazama upepo pale juu unatoka wapi: mashariki. Kwangu hicho ndicho kipimo. Hewa baridi hutuama mashariki ya milima ya Cascade, na mgandamizo mdogo wa hewa ukikaribia kutoka baharini huivuta ipite kwenye lile pengo la milima. Huko juu panabaki baridi hata kama utabiri unasema joto linakuja. Inashuka theluji, au mvua inayoganda ikigusa lami, ambayo naiogopa kuliko theluji.

Sheria ya jimbo la Washington inataka malori yabebe cheni za matairi kuanzia Novemba 1 hadi Aprili 1. Zangu nilizikagua kabla ya kuondoka, na kibao kilipowaka kuamuru zifungwe, nikaingia pembeni. Kwanza niliitandaza kila cheni chini, nikaikunjua mpaka pasiwe na pingili iliyojisokota, kisha nikaitupia juu ya tairi, ncha za kulabu zikitazama nje zisitoboe mpira. Kulabu ya ndani inafungwa kwa kupapasa, huioni, na glovu nene haziwezi kazi hiyo. Navaa nyembamba ndani ya zile za mpira, nazivua za juu dakika hiyo moja. Baadaye nikakaza kwa ufunguo, nikasogea kidogo, nikashuka kukaza tena. Hiyo mara ya pili watu wengi huiruka, na ndipo cheni hukatika na kupiga mabomba ya breki.

Nilivuka polepole, nikazifungua upande wa pili. Ellensburg upepo ulikuwa unalitikisa gari limesimama. Dispacha, yule anayetupangia safari, akapiga simu, anataka nifike jioni hiyohiyo.

“Dada, tela ni tupu,” nikamwambia. “Upepo wa ubavuni pale mlima wa Manastash utaniangusha. Nalala hapa.”

Alinyamaza kidogo, akasema atawapigia wa ghala. Nawaomba wenzangu wapya kwenye njia hii: semeni hivyo mapema, kabla hamjaanza kuupanda ule mlima ulio kati ya Ellensburg na Yakima. Asubuhi upepo ulikuwa umelegea, nikafika, nikapakia.

Nilipokuwa narudi na mzigo, upepo ulishageukia magharibi. Juu kule ilikuwa mvua tupu, na cheni hazikutoka kwenye sanduku.