Nilivyojenga kompyuta ya kuediti video kwa milioni moja na laki tatu, hapa Mwanza

Naediti video za harusi, sendofu na vipaimara, na mambo yakiwa mazuri napata tangazo la duka. Laptop yangu ilishachoka. Ukiweka klipu ya 4K inaanza kuunguruma, picha inaganda, na huku mama wa bibi harusi anapiga simu: "Mwanangu, video yetu vipi?" Nikaamua kujenga kompyuta ya mezani. Mfukoni nilikuwa na milioni moja na laki tatu. Kioo, kibodi na mausi ninavyo.

Karibu kila niliyemuuliza alianzia kwenye prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Mimi nilianzia kwenye swali la kishamba kidogo: kifaa hiki kikifa, nakirudisha kwa nani? Bei za Kariakoo zinavutia sana, ila kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na garantii ya kule ni garantii ya mtu anayeweza kufika dukani. Kwa hiyo orodha yangu niliigawa mafungu mawili. Prosesa, RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) na SSD (ya kuhifadhia mafaili) ni vitu vidogo, na prosesa hasa ni nadra sana kufa. Hivyo niliagiza Dar, vikaja na basi, nikavipokea stendi ya Nyegezi. Paua saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme, na madabodi, ule ubao unaobeba vyote, ndivyo vinavyopokea vurugu zote za umeme. Hivyo nilivinunua mjini hapa hapa, kwenye duka ninaloweza kufika kwa daladala hasira zikiwa bado za moto. Bei ilizidi kidogo na nililipa kwa moyo mweupe.

Kabla ya kuamua kujenga nilizitazama mashine za mtumba za ofisini, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Kwa mtu wa kuandika barua, kupiga mahesabu au kuendesha steshenari, sioni kwa nini anunue kitu kingine. Shida ni kwamba muuzaji anakwambia "Core i5" halafu ananyamaza. Core i5 ya lini? Angalia namba inayofuata. i5-4570 ni kizazi cha 4, ya mwaka 2013, ina kori 4 (vichwa vya kufanya kazi) na nyuzi 4 (kazi inazoshika kwa pamoja), tena inatumia RAM ya zamani ya DDR3. i5-12400 ni kizazi cha 12, ya mwaka 2022, kori 6 na nyuzi 12. Jina ni hilo hilo, kazi ni mbingu na ardhi. Isitoshe, kwa upande wa Intel, watengenezaji wa hizo Core i5, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kingine kilichonifukuza ni paua saplai. Nyingi za zile mashine nyembamba zina paua saplai ya umbo lake peke yake, na waya wake wa kwenye madabodi si ule wa kawaida wa pini 24. Ikiungua, huokoti nyingine dukani tu.

Basi prosesa ikawa hiyo i5-12400, na nilisisitiza isiwe na F. Kuna i5-12400F, bei iko chini kidogo, lakini hiyo F maana yake haina sehemu ya picha ndani. Ukiifunga bila kadi ya picha, kioo kinabaki cheusi. Kwa pesa yangu kadi ya maana haikuwezekana, na ile sehemu ya picha ya Intel ina Quick Sync, ambayo kazi yake ni kufungua na kufunga video za H.264 na HEVC, yaani zile zinazotoka kwenye simu na kamera nyingi. Angekuwa mtu wa gemu ningemwelekeza kwenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600G, picha yake ya ndani ina nguvu zaidi huko. Mimi sichezi gemu, nina harusi za watu. Niliagiza pia iliyo kwenye boksi lake, kwa sababu inakuja na feni. Ile ya trei, inayouzwa bila boksi, ni nafuu hadi utakapokumbuka kwamba feni unainunua mwenyewe.

Kwenye paua saplai ndipo niliposumbua watu. Kijana wa dukani alinipa moja nyepesi kuliko kilo ya sukari, akasema, "Chukua hii bosi, wati 500, huwaga haina shida." Nikaigeuza kusoma stika ya ubavuni. Kuna jedwali dogo, na chini ya +12V paliandikwa ampea 18. Kumi na mbili mara kumi na nane ni wati 216. Prosesa na kadi ya picha zote zinakula kwenye hizo volti 12, kwa hiyo zile 500 za kwenye boksi ni pambo. Nikamwonyesha. Akacheka, akauliza, "Kumbe bosi ni fundi?" kisha akapanda kwenye stuli, akashusha nyingine iliyokaa juu kabisa ya shelfu: wati 550, 80 Plus Bronze (alama ya kutopoteza umeme mwingi), +12V ampea 44. Piga hesabu, ni 528. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Tukavutana, akapunguza kidogo, nikabeba. Mashine yangu ilivyo sasa haigusi hata nusu ya hizo wati, ila niliinunua kwa ajili ya kadi ya baadaye, na kwa ajili ya umeme wetu unaopanda na kushuka utakavyo.

Na ukinunua paua saplai ya zamani, tazama nyuma kama ina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Sisi ni 230. Kikiwa 115 ukachomeka, utasikia mlio, kisha harufu.

Madabodi nilichukua ya chipu ya B660 inayotumia RAM ya DDR4. Ziko B660 za DDR5 pia, na RAM hizo haziingiliani, kwa hiyo soma boksi. H610, chipu ya chini yake, ingeniokolea hela, ila kwa kawaida ina nafasi mbili tu za RAM, na mimi nilitaka kuanza na GB 8 mbili halafu niongeze bila kutupa kitu. RAM mbili zikifanya kazi pamoja zinaisaidia sana ile picha ya ndani, maana inaazima RAM hiyo hiyo. Kwa Intel za soketi hii pini ziko kwenye madabodi, si kwenye prosesa. Nilimwomba afungue kile kifuniko cheusi pale pale kaunta, nikamulika kwa tochi ya simu kwa kulaza, mistari yote ikawa imenyooka. Pini moja ikipinda, umeuziwa kimeo, na hakuna duka litakaloamini hukuipinda wewe.

SSD ni NVMe, ile ya kasi inayochomekwa kwenye madabodi, ya GB 500, ya Windows na kazi ninayoishughulikia wiki hiyo. Kazi zilizokwisha zinaenda kwenye hard disk ya mtumba ya TB 2. Hapo sharti ni CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, kabla ya kulipa: masaa iliyowaka, na kama kuna sekta zilizohamishwa, yaani vipande vilivyoharibika. Nyingine zimetoka kwenye kamera za ulinzi, zimezunguka usiku na mchana.

Kasha halikunichukua muda. Walinisukumia lenye kioo mbele na taa za rangi. Ninakaa Kirumba, karibu na ziwa, na wale vijidudu vya ziwani wakitoka usiku wanafuata taa yoyote. Asubuhi unawafagia dirishani. Kuwawashia taa ndani ya kompyuta ni kuwaalika. Nilichukua la bei ya chini lenye wavu mbele na kichujio kinachochomoka, nakipiga brashi mara kwa mara.

UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ilisubiri malipo ya harusi iliyofuata. Iliandikwa 650VA, lakini nyuma imeandikwa wati 360, na hizo ndizo za kuhesabu. Nimeunga kompyuta na kioo tu. Umeme ukikatika nahifadhi kazi, nazima, nasubiri.

Nafasi ya kadi ya picha bado iko wazi. Nawinda GTX 1650 ya mtumba, kwa sababu ziko zisizohitaji waya wa ziada, zinakula wati 75 kwenye nafasi yenyewe ya madabodi. Nitainunua kwa mtu wa hapa mjini atakayekubali niiwashe na kurenda nayo (kutoa video iliyokamilika) saa nzima mbele yake kabla sijatoa hela.