Bluesky kwa Watu wa Dodoma: Mambo ya Kuandaa Mapema

Bluesky, mtandao wa kijamii wa posti fupi unaofanana na Twitter, haukukua polepole siku hadi siku; watu waliingia kwa vishindo. Mwaka 2019 Jack Dorsey, mkuu wa Twitter wakati huo, aliitangaza kama mradi ndani ya Twitter. Mwaka 2021 Jay Graber, mhandisi wa programu, akakabidhiwa uongozi na mradi ukawa kampuni inayojitegemea. Programu ilitoka Februari 2023, lakini ukitaka kuingia ilibidi upate mwaliko, hadi tarehe 6 Februari 2024 milango ilipofunguliwa kwa wote. Wakati huo ilikuwa na watumiaji kama milioni 3. Mwisho wa Agosti 2024 mahakama ya juu ya Brazil ikaifungia X (jina jipya la Twitter), na ndani ya siku chache zaidi ya watu milioni 2 wakajiunga. Septemba wakafika milioni 10. Novemba, baada ya uchaguzi wa Marekani, milioni 20. Mwisho wa Januari 2025, milioni 30.

Ziangalie tarehe hizo. Karibu kila kishindo kikubwa kilisababishwa na jambo lililotokea nje ya Bluesky yenyewe. Wabrazili hawakukuta jukwaa tupu kwa sababu waliingia kwa pamoja, wakaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe siku hiyohiyo. Mtu anayeingia peke yake, akakuta hakuna anayezungumzia mambo ya kwao, haichukui muda anaiacha. Ni kama kilimo: mvua za Dodoma zina msimu mmoja kwa mwaka, na anayetafuta jembe wakati imeshaanza kunyesha amechelewa. Na sisi tuna sababu ya kujipanga: X ilifungiwa nchini Mei 2025, na mazungumzo mengi ya mkoa huu yamejificha kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako mtu wa nje hawezi kuyatafuta wala kuyakuta.

Cha kwanza ni lugha, na hapa wengi wanakosea bila kujua. Kila posti hubeba alama ya lugha iliyochaguliwa kwenye kisanduku cha kuandikia. Ukiiacha kwenye Kiingereza huku umeandika Kiswahili, mtu aliyechuja aone Kiswahili tu hataiona posti yako. Chagua Kiswahili kabla ya kutuma, kisha ingia kwenye mipangilio ya lugha na uhakikishe Kiswahili kimo kati ya lugha unazotaka kuziona.

Cha pili ni mitiririko (feeds), yaani kurasa zinazokusanya posti za mada fulani. Bluesky humruhusu mtu yeyote kuunda mtiririko wake wa machapisho na kuwagawia wengine, na kwangu hiki ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote kwa mji kama wetu. Huhitaji kujua kuandika programu za kompyuta. Zana kama SkyFeed hukuwezesha kukusanya posti kwa maneno, kwa hashitagi au kwa orodha ya watu. Kazi iko kwenye kuchagua maneno. Mpwapwa, Kongwa, Kibaigwa, Kondoa na Chamwino hayana shida, kwa kuwa ni nadra kutumika kwingine. Bahi italeta watu wenye jina hilo kutoka nchi nyingine. Majengo italeta mitaa ya nusu ya miji ya Tanzania. Mvua, alizeti na zabibu zitaleta Kiswahili cha kila mahali, kwa hiyo weka sharti kwamba neno kama hilo liambatane na jina la mahali: zabibu pamoja na Hombolo, zabibu pamoja na Makutupora. Fuatilia kinachoingia kwa wiki ya kwanza, ondoa maneno yanayoleta takataka, ndipo uutangaze.

Mtiririko ukishakaa sawa, tengeneza pakiti ya kuanzia. Hii ni orodha ya watu wasiozidi 150 na mitiririko isiyozidi 3, yenye kiungo kimoja. Mgeni akibonyeza, anajisajili na kuwafuata wote kwa mkupuo. Usijaze 150 ili mradi tu. Watu 40 wanaoposti kila wiki, yaani walimu wa UDOM, wakulima, wafanyabiashara wa nafaka, wapiga picha na waandishi wa habari, wanamsaidia mgeni kuliko akaunti 100 zilizolala. Kiungo hicho ndicho cha kupeleka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Taasisi au biashara yenye domeni yake, yaani anwani yake ya tovuti, iitumie kama jina la akaunti. Kwenye mipangilio ya akaunti chagua kubadili jina, kisha uchague kutumia domeni yako. Utapewa maandishi yanayoanza na did=did:plc: ambayo utayaweka kwenye DNS (orodha ya mipangilio ya domeni yako) kama rekodi ya TXT, yaani ya maandishi, jina la rekodi likiwa _atproto. Kosa linalojirudia ni hili: kurasa nyingi za kusimamia domeni huiongeza domeni yako mwishoni bila kuulizwa, hivyo ukiandika jina zima domeni inajirudia mara mbili na uthibitisho unagoma. Andika _atproto peke yake, subiri, jaribu tena. Mara nyingi ni dakika chache, mara nyingine saa kadhaa. Domeni ikiisha muda bila kulipiwa, jina litaonekana si halali. Wafuasi hawapotei, lakini imani ya wasomaji itatikisika.

Kwa matumizi ya kila siku: posti ni herufi 300, na Kiswahili hujaza nafasi upesi. Posti iliyotumwa ilikuwa haihaririwi katika miaka hiyo ya mwanzo, kwa hiyo anayeposti bei ya gunia la alizeti aandike tarehe na soko ndani ya posti yenyewe. Zima video zinazojichezea, maana zinakula bando.

Jambo jingine lisemwe wazi, hasa katika mji wa watumishi wa umma. Unachokipenda, unayemfuata na hata unayemzuia ni taarifa za wazi ambazo mtu yeyote mwenye utaalamu anaweza kuzisoma. Ukifuta posti, nakala zilizokwisha kuchukuliwa hazifutiki.

Je, itadumu? Oktoba 2024 kampuni ilipata dola milioni 15 za uwekezaji, na ilikua bila matangazo ya biashara, hivyo suala la mapato ni zito. Nguvu yake ni itifaki iliyo chini yake, AT Protocol, yaani kanuni zinazoziwezesha seva (kompyuta zinazohifadhi akaunti) kuwasiliana: akaunti yako inaweza kuhamishwa kwenda seva nyingine pamoja na wafuasi wako. Udhaifu ni kwamba watumiaji walio wengi bado wamekaa kwenye seva za kampuni yenyewe.

Chuo au chombo cha habari hapa Dodoma kinaweza kuendesha seva yake ya akaunti. Kwa watumiaji hadi 20, mwongozo wa Bluesky unapendekeza RAM ya GB 1, kiini kimoja cha prosesa, diski ya SSD ya GB 20 na mfumo wa uendeshaji wa Ubuntu. Fungua milango ya mtandao (ports) ya 80 na 443, na uweke rekodi ya DNS yenye alama ya nyota (*) kwa majina yote yaliyo chini ya domeni. Usiruke mipangilio ya barua pepe, maana bila hiyo uthibitisho wa akaunti hautafika. Kodisha seva kwenye kituo chenye umeme wa uhakika badala ya kuiweka ofisini, na funguo za akaunti zihifadhiwe mahali pengine nje ya seva hiyo, kwa sababu seva ikiharibika pamoja na funguo zake, akaunti hazitahamishika.